Pembe, Timazi na Mpaka wa Shamba: Namna Theodolaiti Inavyokaguliwa Mwambaoni Rumonge

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kukimbilia istilahi za siasa, sheria na uchumi kila tunapozungumzia matumizi ya Kiswahili katika fani maalumu. Upimaji wa ardhi huachwa kando, kana kwamba ni shughuli ya wahandisi peke yao. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la fani hiyo, yaani namna chombo cha kupimia pembe kinavyokaguliwa kabla ya kuaminiwa. Tumechagua kulieleza tukiwa Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Huko Kiswahili ni lugha ya sokoni na bandarini, na huko huko kosa dogo la pembe laweza kumnyima mtu sehemu ya michikichi yake.

Sababu nyingine ni ya kikazi. Mwanafunzi anayetoka mwambao huo, akiwa nyumbani wakati wa likizo, ndiye anayeitwa na wazee awe mkalimani siku mpima ardhi anapofika. Mpima amesomea kazi yake kwa Kifaransa. Wenye mashamba wanazungumza Kirundi na Kiswahili. Kijana aliyesimama katikati anazijua ngeli zote na amesoma tamthilia za kutosha, lakini mzee akimwuliza, "Mwanangu, hicho chombo nacho kimepimwa na nani?" hana jibu, na mara nyingi hana hata neno la kuanzia.

Swali la mzee si la kipuuzi. Ardhi ya Imbo ya kusini ina historia nzito. Machafuko ya tarehe 29 Aprili 1972 yalianzia upande huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwafanya watu wengi wakimbilie Tanzania, ambako familia nyingi ziliishi zaidi ya miongo mitatu katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliporejea, hasa kuanzia mwaka 2008, wengi walikuta mashamba yao yana wakazi wengine. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CNTB, iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na mara nyingi suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kugawana itongo baina ya aliyerudi na aliyekuwepo. Kugawana ni neno jepesi kulitamka. Shambani maana yake ni mstari, na mstari hupigwa kwa chombo.

Tena kuna ziwa lenyewe. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika usijengwe. Lakini ukingo wenyewe haukai mahali pamoja. Kuanzia mwaka 2018 maji yalipanda mwaka hadi mwaka, yakaingia majumbani na viwanjani katika sehemu kadhaa za mwambao, Rumonge ikiwemo. Hebu tufanye hesabu ya mahali ambapo ardhi inateremka polepole, mita moja kwa kila mita 100. Mpima akikosea kimo cha ardhi kwa sentimita 29 tu, mstari wa maji kwenye ramani yake utasogea mita 29. Na sentimita 29 ni kosa la dakika moja ya pembe kwa umbali wa kilomita moja. Dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii, nayo haionekani kwa macho.

Kipimajoto cha Speke

Ziwa hili lina kisa chake cha chombo kisichokaguliwa, na ni kisa ambacho kila mwalimu wa historia anapaswa kukisimulia. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Tanganyika mwezi Februari 1858. Walitaka kujua ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Njia waliyotumia ilikuwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Njia ilikuwa sahihi. Vipimajoto vizuri vilikuwa vimekwisha kuvunjika safarini, hivyo wakatumia kile cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga. Matokeo yakawa futi zipatazo 1,850, yaani chini ya mita 570. Ziwa liko kwenye mita 770 na zaidi.

Tofauti ya zaidi ya mita 200 ilitokana na kipimajoto kusoma juu kwa kiasi kisichofika digrii moja ya Selsiasi. Namba hiyo haikubaki kwenye daftari. Ilichapishwa, ikaingia katika ubishi mkali wa London juu ya chanzo cha mto Nile, kwa sababu ziwa lililo chini haliwezi kumwaga maji kwenye ziwa lililo juu, na kila upande ulihesabu vimo kwa namba zilizokuwepo. Ubishi kuhusu upande wa kaskazini wa Tanganyika ulikatwa na macho, si na chombo: mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakifuata mwambao huu huu wa Burundi hadi mwisho wa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lina tarehe ya safari hiyo.

Hatumlaumu Speke, aliyekuwa mgonjwa wa macho na mbali na kila fundi. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba kipimajoto kile hakikuwa kimeharibika kwa namna ya kuonekana. Kilipanda na kushuka kama kawaida. Chombo kibovu hutoa namba safi sawasawa na chombo kizima, na kwa hiyo kukitazama tu hakutoshi.

Vitenzi vinne

Kabla hatujagusa chombo, hapana budi tuweke sawa lugha, maana ndipo mkalimani anapoteleza. Mpima aliyesoma kwa Kifaransa hutofautisha *vérification*, *étalonnage* na *réglage*. Wengi wetu huyatafsiri yote matatu kwa neno moja, kurekebisha, na hapo mzee anaelewa kwamba chombo kilikuwa kibovu na sasa kimepona. Sivyo.

Kukagua ni kuangalia kama chombo bado kiko katika hali yake. Kulinganisha ni kuweka kipimo cha chombo kando ya kipimo kingine kinachoaminika zaidi na kuandika tofauti iliyopo, bila kugusa skrubu yoyote. Hiki ndicho watu wengi sasa wanakiita kalibresheni. Kurekebisha ni kukizungusha chombo, skrubu kwa skrubu, hadi tofauti ipungue au iishe. Msamiati wa kimataifa wa vipimo, katika toleo lake la tatu la mwaka 2008, unaonya waziwazi kwamba kalibresheni isichanganywe na kurekebisha. Chombo chaweza kuwa na hati nzuri ya kalibresheni na bado kina kosa, ila kosa lake linajulikana na linaondolewa kwenye hesabu. Kitenzi cha nne ni kuhakiki. Neno hili nchini Tanzania limeshika mizizi kupitia kazi ya Wakala wa Vipimo, ambao huhakiki mizani za sokoni na pampu za mafuta kwa mujibu wa sheria na kuweka alama yao. Tunaona ni busara neno hilo libaki na maana ya kisheria, na mpima aliye peke yake shambani aseme anakagua.

Kuhusu chombo chenyewe, theodolaiti ni darubini iliyofungwa juu ya mihimili miwili. Mhimili wima huiruhusu igeuke kushoto na kulia, na mhimili mlalo huiruhusu iinuke na kuinama. Kila mhimili una duara lenye alama za kusomea pembe. Jina lake linawasumbua hata wanaisimu: lilionekana katika kitabu cha Mwingereza Leonard Digges kilichochapishwa mwaka 1571, na asili yake haijapatikana kwa uhakika hadi leo, kwa hiyo tusione haya kulikopa lilivyo. Sehemu nyingine tunazo tayari kutoka kwa waashi. Uzi wenye kitu kizito unaoning'inizwa kuonesha wima ni timazi. Kichupa chenye kimiminika na kiputo cha hewa ni pimamaji, ingawa mafundi waliofundishwa kwa Kifaransa husema nivo. Neno la kuchunga ni nyuzi. Vitabu vya hisabati vya Kiswahili huandika nyuzi 90 kwa maana ya digrii 90, lakini ndani ya darubini pia kuna nyuzi, zile zinazopishana kama msalaba mbele ya jicho, ambazo zamani zilikuwa nyuzi halisi za buibui. Na mwashi naye ana uzi wake. Mkalimani akisema "nyuzi hazijakaa sawa" atakuwa amesema mambo matatu kwa pamoja. Katika makala haya tunasema digrii kwa pembe, na msalaba kwa zile zilizo ndani ya darubini.

Kugeuza

Ukaguzi karibu wote wa theodolaiti umejengwa juu ya wazo moja, na mwashi yeyote wa Rumonge analijua. Ukiwa na pimamaji usiyoiamini, iweke juu ya ukuta, soma kiputo, kisha igeuze ncha kwa ncha mahali pale pale. Ikiwa kiputo kimekaa upande ule ule wa ukuta, ukuta ndio umeinama. Ikiwa kiputo kimehamia upande wa pili pamoja na pimamaji, pimamaji ndiyo yenye kosa. Kugeuza kunatenganisha kosa la chombo na hali ya kitu kinachopimwa. Hakuhitaji maabara.

Theodolaiti hufanyiwa hivyo hivyo. Pimamaji yake huletwa katikati kwa skrubu za miguu, kisha chombo chote huzungushwa digrii 180. Tuseme kiputo sasa kimesogea vigawanyo vinne. Mwanafunzi wa kwanza atataka kuondoa vyote vinne. La hasha. Kugeuza kumeonesha kosa mara mbili: mara moja upande huu na mara moja upande ule. Kosa la pimamaji ni vigawanyo viwili, na mhimili wima nao ulikuwa umeinama kwa viwili. Kwa hiyo nusu huondolewa kwa skrubu za miguu, na nusu kwa skrubu ndogo ya pimamaji yenyewe, kisha zoezi hurudiwa hadi kiputo kisisogee. Tumekaa na hatua hii kwa makusudi. Mwinamo wa mhimili wima ndio kosa ambalo haliondoki hata ukisoma mara mia, kwani haligeuki darubini inapogeuzwa. Makosa mengine yana dawa ya wastani. Hili halina.

Baada ya hapo huja kosa la kulenga. Mstari unaotoka katikati ya msalaba kupitia lenzi unapaswa kuwa mraba kamili na mhimili mlalo. Mpima huchagua shabaha iliyo wazi, mbali, na karibu usawa wa chombo, kwa mfano mlingoti ulio mwisho wa uwanja. Husoma pembe duara la wima likiwa kushoto kwake. Hii huitwa uso wa kushoto. Kisha huipindua darubini juu chini, hugeuza chombo nusu mzunguko, hulenga shabaha ile ile na kusoma tena, uso wa kulia. Masomo mawili yanapaswa kutofautiana digrii 180 kamili. Tuchukue mfano: uso wa kushoto 40° 12′ 20″, uso wa kulia 220° 12′ 50″. Ukitoa 180 kwenye la pili unapata 40° 12′ 50″. Zimezidi sekunde 30, na kwa kuwa kugeuza kumeonesha kosa maradufu, kosa la kulenga ni sekunde 15. Pembe sahihi ni wastani, 40° 12′ 35″. Wala haikulazimu kurekebisha kitu ili kuipata.

Je, sekunde 15 zina madhara? Inategemea kazi. Kwenye tambarare ya kando ya ziwa, ukipima pembe kati ya shabaha mbili zilizo usawa mmoja, kosa hili husogeza shabaha zote mbili kwa kiasi kile kile na kujifuta. Kuna kazi moja, hata hivyo, ambapo halijifuti, nayo ni kazi ya kila siku katika michikichi: kurefusha mstari ulionyooka. Mpima husimamisha chombo, hulenga kigingi alichotoka, huipindua darubini juu chini, na kuweka kigingi kipya mbele. Kosa la kulenga likiwa dakika moja, kigingi kipya kitatoka nje ya mstari kwa dakika mbili. Kwa mita 100 hiyo ni chini ya sentimita 6, na hakuna atakayegutuka. Lakini akisonga mbele na kufanya vivyo hivyo mara kumi, kila mara akianza na uso ule ule, kosa huongezeka upande ule ule. Mstari wake unapinda kama upinde. Mwisho wa kilomita moja atakuwa nje kwa mita 3.2, na eneo lililohama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine litazidi mita za mraba 1,000. Michikichi ikipandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, hekta huchukua miti ipatayo 143. Kwa hesabu hiyo miti 15 hivi imebadili mwenyewe, na hakuna aliyeiba.

Dawa yake ni nyepesi kiasi cha kusikitisha. Kila kigingi kiwekwe mara mbili, mara moja kwa kila uso, na msumari upigwe katikati ya alama mbili. Itachukua dakika chache zaidi kwa kila kituo.

Kosa la tatu ni la mhimili mlalo kutokuwa mlalo. Hili hufichuliwa kwa kulenga kitu kilicho juu sana, tuseme ncha ya mnara wa msikiti ukiwa umesimama karibu nao, kisha kuishusha darubini taratibu na kuweka alama chini ya ukuta. Badilisha uso, lenga ncha ile ile, shusha tena. Alama mbili zikiangukiana, mhimili ni mzima. Zisipoangukiana, ukweli uko katikati. Ufukweni penyewe kosa hili halina nguvu, kwa kuwa hukua kadiri darubini inavyoinuka. Ila Rumonge si ufukwe tu. Ukitazama mashariki unakutana na miinuko ya Mumirwa, na anayepima kutoka tambarare kuelekea mlimani hulenga juu kwa digrii nyingi. Kosa la sekunde 30 kwenye mhimili huwa sekunde 17 kwa shabaha iliyo juu kwa digrii 30. Fundi wa shambani hapaswi kujaribu kulirekebisha. Hilo ni la karakana.

Pembe za wima nazo zina jaribio lao, na tunalipenda kwa sababu hata mtoto wa shule ya msingi angeweza kulisahihisha. Duara la wima huanza sifuri juu utosini. Soma shabaha moja kwa nyuso zote mbili na ujumlishe. Jumla ni lazima iwe 360. Tuseme 87° 14′ 30″ na 272° 46′ 10″. Jumla ni 360° 00′ 40″. Zimezidi sekunde 40, nusu yake, sekunde 20, hutolewa kwenye kila somo, na pembe sahihi ni 87° 14′ 10″. Kosa hili ndilo linalohusika na hesabu ya ukingo wa ziwa tuliyoitaja mwanzoni.

Chini ya michikichi

Msomaji anaweza kutuambia kwamba siku hizi wapima hutumia setilaiti, theodolaiti za nini tena? Ni kweli kwa mahali palipo wazi. Lakini makuti mazito huzuia mawimbi ya setilaiti, na shamba la michikichi ni paa lililofungwa. Humo ndani mpima hurudi kwenye pembe, akitumia chombo cha kisasa kinachopima pembe na umbali kwa pamoja, ambacho wenyewe hukiita totostesheni. Chombo hicho kina kompyuta inayohifadhi makosa yake ya kulenga na ya wima na kuyaondoa yenyewe. Hilo ni jambo jema lenye mtego ndani yake, kwa kuwa makosa hubadilika ilhali namba zilizohifadhiwa hazibadiliki mpaka mtu arudie jaribio. Kilomita zipatazo 75 za barabara kutoka Bujumbura, chombo kikiwa nyuma ya gari, zinatosha kuwa sababu ya kulirudia.

Joto nalo lina sehemu yake. Chombo kilichotoka kwenye gari lenye kiyoyozi kikiwekwa juani, vyuma vyake hutanuka bila usawa. Watengenezaji hushauri kusubiri dakika mbili kwa kila digrii ya tofauti ya joto, na isipungue robo saa. Baada ya hapo kishikiwe mwavuli. Tumewahi kuona watu wakicheka msaidizi anayemshikia mwavuli mpima aliyesimama pembeni juani. Mwavuli ule si wa heshima, ni wa pimamaji.

Chini ya miti kuna jambo lingine, nalo kwa maoni yetu linaharibu mipaka kuliko makosa yote ya ndani ya chombo. Shabaha huwa karibu. Chombo kikisimama milimita 5 kando ya kigingi, na shabaha iko umbali wa mita 50, pembe hukosewa kwa sekunde zipatazo 20. Kwa shabaha ya mita 500 ni sekunde 2. Kwa hiyo timazi, iwe ya uzi au ya darubini ndogo inayotazama chini, inahitaji ukaguzi wake yenyewe: ile ya darubini huzungushwa pamoja na chombo, na alama yake ardhini haipaswi kuhama. Na kwenye mchanga wa ufukweni miguu ya tripodi huzama polepole wakati mpima anaandika. Wazoefu huisimamisha juu ya vigingi vilivyopigwa ardhini.

Upande wa maji una ukaidi wake. Atakayelenga rasi ya Ubwari ng'ambo ya Kongo, kilomita 20 na zaidi, atambue kwamba mviringo wa dunia peke yake, baada ya kuhesabu na kupinda kwa mwanga, huficha mita zipatazo 27 za chini kwa umbali wa kilomita 20. Hewa iliyo karibu na maji hupinda mwanga kwa namna isiyotabirika, na mchana shabaha hucheza kama inayoungua. Ndiyo maana pembe za mlalo hupimwa asubuhi na mapema au jioni, na pembe ndefu za wima hupimwa mchana, wakati mpindo huo umetulia. Miezi ya kiangazi moshi wa nyasi zinazochomwa huweza kufuta ng'ambo yote.

Kuna utaratibu wa kimataifa wa kukagua theodolaiti shambani, ISO 17123-3, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Jaribio lake kamili linataka shabaha tano, zilengwe kwa nyuso zote mbili katika mizunguko mitatu, na zoezi zima lirudiwe mara nne. Kila mzunguko huanzishwa sehemu tofauti ya duara, ili kasoro za uchoraji wa alama zisirudiane. Kinachopatikana si sifa ya chombo peke yake. Ni sifa ya chombo, jicho la mpima na hali ya hewa vikiwa pamoja.

Daftari

Turudi kwa mkalimani wetu. Hatarajiwi kugusa skrubu. Yapo hata hivyo mambo ambayo anaweza kuyaona na kuyatafsiri kwa haki. Daftari la mpima, la karatasi au la kielektroniki, lina safu. Kama kila shabaha ina masomo mawili, la uso wa kushoto na la uso wa kulia, basi makosa ya kulenga na ya mhimili mlalo yamekwisha kudhibitiwa. Kama kuna safu moja tu, mzee ana haki ya kuuliza kwa adabu ni kwa nini, na kijana ana wajibu wa kulifikisha swali hilo lilivyo bila kulilainisha.

Vilevile pembe za shamba zina mizani yake. Za pembetatu hujumlika 180, za pembe nne 360. Mpima akipata 62° 14′ 20″, 58° 03′ 50″ na 59° 42′ 10″, jumla ni 180° 00′ 20″. Sekunde 20 hizo hugawanywa katika pembe tatu na kazi huendelea. Akipata jumla inayotimia kabisa kila mara, kila shamba, sisi tungekuwa na wasiwasi zaidi. Namba za shambani huwa na mikwaruzo.

Limebaki neno moja linalotusumbua. Kosa la kulenga, ambalo Wafaransa huliita *collimation*, baadhi ya walimu wa vyuo vya ufundi hulikopa kama kolimesheni. Sisi tumetumia kosa la kulenga kwa sababu mzee wa Rumonge atalielewa bila kufafanuliwa, lakini tunatambua kwamba linaweza kudhaniwa kuwa ni kosa la mpima mwenyewe kutolenga vizuri, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa mbele ya baraza. Wapo waliopendekeza kosa la mlengo. Wasomaji walio Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma na Uvira, ambao wamewasikia wapima na wasaidizi wao wakizungumza kazini, tunawaomba watuandikie neno wanalolisikia, pamoja na sentensi nzima lilimotumika.